Maji Kwanza, Samaki Baadaye



Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea maswali kuhusu ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga kwa maji yale yale, jambo ambalo wataalamu huliita akwaponiki. Waulizaji wengi ni wazazi wa hapa pwani ambao watoto wao wamehamia bara kwa ajili ya kazi, nao wamesikia kwamba katika miji kama Ruiru na Thika wapo watu wanaofuga samaki uani na kuchuma mboga zisizogusa udongo. Wanauliza: je, jambo hili lina ukweli? Mwenye kuanza aanzie wapi? Na mboga iliyomea kwa maji yenye kinyesi cha samaki, je, inafaa kuliwa?

Tungeweza kujibu kwa yale tuliyoyasoma tu. Lakini jambo hili limepita nyumbani kwetu wenyewe, nasi tulikosea ndani yake. Tumeona ni amana kulieleza kama lilivyokuwa, kwani kosa la mzee likifichwa hurithiwa na vijana.

Mwanetu wa kike anaishi Ruiru pamoja na mumewe, ambaye riziki yake iko Thika. Zamani Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa. Hata ile aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipata jina lake kutokana na kituo cha utafiti kilichoko huko. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba mengi yamegeuka kuwa nyumba za kupangisha. Ua wa mwanetu umemwagwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu aliyezaliwa pwani, aliyezoea kutoka mlangoni akachuma rihani na kotimiri, huko hana hata shubiri moja ya udongo.

Mumewe alipopunguziwa siku za kazi, binti huyu alikaa akapiga hesabu ya mboga na kitoweo. Alipofikiwa na zamu yake katika mchezo wa kina mama, alizichukua fedha zile akanunua tangi la plastiki la lita 1,000, lile lenye kizimba cha chuma. Fundi akalikata: sehemu ya chini ikawa nyumba ya samaki, yenye kuchukua kiasi cha lita 700, na sehemu ya juu, yenye kina cha sentimita 30, ikapinduliwa na kujazwa kokoto ili iwe kitalu cha mboga. Pampu ndogo ya umeme hupandisha maji kutoka kwa samaki hadi kwenye kokoto, nayo hujichuja na kurudi chini. Yeye alikuwa amesoma, na katika daftari lake aliandika kwamba samaki wataingia baada ya wiki 6.

Sisi tulifika kumzuru mwezi wa Juni. Tulilikuta tangi limejaa maji maangavu, wala ndani yake hamna kitu. Kesho yake tulikwenda kwa mfugaji mmoja wa upande wa Thika, tukanunua vifaranga 40 vya ngege, wale ambao sokoni huitwa tilapia, tukawaleta katika mfuko uliotiwa hewa. Ilikuwa ndiyo zawadi yetu. Mwanetu alisema kwa sauti ya chini kwamba maji bado hayajawa tayari. Tukamjibu, “Mama, maji si haya, na samaki si wa maji?” Akainamisha kichwa, akasema, “Haya, Baba.” Samaki wakatiwa.

Siku ya nne baadhi yao walikuwa wakihema juu ya uso wa maji. Siku ya tisa, baada ya Alfajiri, mjukuu wetu wa miaka sita alitushika mkono akatupeleka uani. Samaki walikuwa wameelea, matumbo juu. Akawahesabu mmoja mmoja mpaka 37, kisha akauliza, “Babu, samaki wamekosa nini?”

Swali hilo lina maana mbili katika lugha yetu, na zote mbili zilitufikia. Ikiwa aliuliza wametenda kosa gani, jawabu ni kwamba hawakukosea wao, tulikosea sisi. Na ikiwa aliuliza wamepungukiwa na kitu gani, jawabu lake ndilo msingi wa elimu hii yote.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na katika uchafu wake, na chakula kilichosazwa nacho huoza kikatoa amonia. Mtoni au ziwani amonia hiyo hutawanyika. Katika tangi haina pa kwenda, nayo ni sumu kwa samaki huyo huyo aliyeitoa. Rehema iliyowekwa katika maumbile ni kwamba kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, vinavyoishi juu ya mawe na kuta zenye maji. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mmea huitamani, kwani ndiyo mbolea yake. Mmea ukiinyonya, maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Huo ndio mzunguko mzima. Samaki humlisha mmea, mmea humsafishia samaki, na baina yao wako watumishi ambao hakuna awaonaye.

Watumishi hao hawaji kwa siku moja. Katika tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaana kwa kutosha, na penye baridi huchukua zaidi. Maji tuliyoyaona yalikuwa safi, lakini yalikuwa hayajapata wakazi wake. Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba kuna maji yaliyo tohara kwa nafsi yake lakini hayatoharishi kitu kingine. Sisi tuliofundisha mlango huo kwa miaka mingi tulipaswa kukumbuka kwamba usafi wa maji una daraja zake, na jicho halitoshi kuzihukumu.

Basi kwa anayetaka kuanza, tunaweka hapa utaratibu ambao mwanetu aliufuata mara ya pili, nasi tukiwa tumekaa kimya.

La kwanza ni chombo. Mapipa na matangi yaliyotumika huuzwa kwa wingi katika miji yenye viwanda kama Thika. Mwenye kununua aulize lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati huoshwa likafaa. Lililobeba dawa za mashamba au kemikali aliache, hata akipewa bure. Vyuma vya shaba na mabati yenye zinki navyo visiguse maji, kwa kuwa vinamdhuru samaki. Tangi lifunikwe lisipigwe na jua, la sivyo maji hugeuka kijani kwa mwani.

La pili ni kokoto. Zioshwe mpaka maji yatoke bila tope. Kisha zijaribiwe kwa siki: zikitoa mapovu, zina chokaa, nazo zitayafanya maji kuwa makali kuliko mimea ipendavyo. Hapa wasomaji wetu wa pwani wawe waangalifu sana, kwa sababu mawe yetu mengi ni ya matumbawe, na hayo ni chokaa tupu. Kokoto za bara, zitokanazo na miamba ya volkeno, kwa kawaida hazina tatizo hilo. Kipimo cha pH kinachowafaa samaki, mimea na bakteria kwa pamoja ni kati ya 6 na 7.

La tatu ni maji. Ya mfereji wa mji hutiwa klorini, nayo huua samaki na bakteria pia. Yaachwe wazi siku mbili huku pampu ikizunguka, klorini itoke. Baada ya hapo hakuna haja ya kuyamwaga. Huongezwa tu yale yaliyopotea kwa jua na kwa mimea. Njia hii yaweza kutumia takriban sehemu moja kwa kumi ya maji ambayo bustani ya udongo ingeyatumia, na hilo ni jambo kubwa kwa nyumba ambayo mfereji wake hutoa maji kwa zamu.

La nne ni kungoja, na hapa ndipo wengi huanguka. Badala ya samaki, kila siku hutiwa chembe chache za chakula cha samaki zioze na kutoa amonia, ili bakteria wapate riziki yao. Ukipata ndoo moja ya kokoto kutoka kwa mtu mwenye mfumo uliokomaa na wenye samaki wazima, hiyo ni kama hamira katika unga. Maji hupimwa kwa dawa za matone ziuzwazo katika maduka ya samaki wa mapambo. Amonia itapanda kisha itashuka, nitriti itapanda kisha itashuka, nitrati itatokea. Siku amonia na nitriti zitakaposoma sufuri, na nitrati ikawapo, ndiyo siku ya kumkaribisha samaki. Mwanetu alianza tena mwezi wa Julai, na kwa sababu ya baridi alingoja wiki 8.

La tano ni idadi. Mwongozo wa ukulima huu mdogo uliotolewa mwaka 2014 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa unatahadharisha kwamba mwenye kuanza asizidishe kilo 20 za samaki kwa kila lita 1,000, na wachache kuliko hao ni salama zaidi. Mwanetu safari hii alitia 20 peke yake katika lita zake 700. Huwalisha mara mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika chache, na kinachobaki hukiopoa. Mboga za majani huhitaji kiasi cha gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya kitalu. Mwenye kukumbuka kipimo hicho hatajaza samaki wengi kwa mboga chache, wala mboga nyingi kwa samaki wachache.

La sita ni hali ya pahali. Ngege ni samaki wa joto, naye hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Ruiru na Thika ziko juu, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hewa hushuka chini ya nyuzi 15. Wakati huo samaki hupunguza kula, na mwenye kumlazimisha hujiongezea amonia tu. Tangi lifunikwe usiku na kuzungushiwa kitu cha kuzuia baridi, na mwenye kufuga asitarajie kwamba samaki wa Ruiru atakua kwa kasi ya samaki wa Malindi. Wapo wanaochagua kambare, ambaye ni mvumilivu zaidi wa maji yenye hewa haba kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu.

La saba ni umeme. Ukikatika, pampu husimama, na katika tangi lenye samaki wengi hewa huweza kuisha kwa saa chache. Mwanetu ameweka pampu ndogo ya hewa yenye betri. Kabla hajaipata, usiku mmoja yeye na mumewe walipokezana kopo, wakichota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, mpaka umeme uliporudi karibu na adhana ya Alfajiri.

Habari ya usiku huo ilitufikia kwa simu, na ilitutia fikira kuliko mambo yote. Tunajua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Masheikh zetu walitufundisha kutokana nayo kwamba aliyemfunga mnyama amejitwika riziki yake. Samaki wa tangini amefungwa zaidi ya paka. Paka angeweza kulia mlangoni. Samaki hana sauti, na hata hewa anayovuta iko mikononi mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utavuna kilo ngapi, jiulize ni nani atakayewaangalia mkienda harusini Lamu kwa wiki nzima.

Sasa tuje kwenye masuala ya sharia. Kuhusu maji, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kinyesi cha samaki ni najisi, lakini husamehewa katika maji anamoishi maadamu hakijayabadilisha maji hayo. Kuhusu mboga, mmea uliokua kwa kitu najisi ni tohara wenyewe, kama mchicha uliotiwa samadi, na kilichoguswa na uchafu kwa nje huoshwa. Basi mboga hizi zinafaa kuliwa bila ya shaka, na zioshwe kwa maji safi, kwa dini na kwa afya. Kuhusu samaki aliyejifia, katika madhehebu yetu mfu wa majini ni halali, na wenzetu wa Hanafi humkataa aliyekufa akaelea. Lakini samaki aliyekufa kwa sumu au maradhi haliwi kwa sababu ya madhara yake. Wale 37 wa kwanza tuliwazika chini ya mti, na mjukuu wetu akasimamia maziko.

Limebaki suala la fedha, nalo tutalisema bila kificho, kwa maana tunaona matangazo yanayoahidi utajiri. Mwaka 2009 serikali yetu ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika majimbo 140, mabwawa 200 kwa kila jimbo. Watu wengi walijifunza kula samaki kwa sababu yake, na hilo ni jema. Lakini mabwawa mengi yaliachwa baadaye, kwani shimo lilitangulia na elimu, chakula na soko vikafuata nyuma au havikufuata kabisa. Tangi la uani nalo lina gharama ya umeme, ya chakula na ya vipimo, na kwa mwaka wa kwanza halimlipi mtu mshahara. Litampa mboga mbichi, litampa kitoweo mara chache, na litawafunza watoto wake. Asiliendee kwa mkopo, sembuse mkopo wa riba. Aanze na tangi moja, akae nalo mwaka mzima, aione baridi yake na joto lake, kisha ndipo aamue.

Elimu hii haiko mbali kwa aliye huko. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na kituo cha ufugaji wa samaki cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, kiko mbele kwenye barabara hiyo hiyo ya kaskazini. Kwetu pwani, makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yapo Mombasa. Kuuliza si aibu, na mwenye kuuliza kabla hupoteza kidogo kuliko mwenye kuuliza baada.

Tulirudi Ruiru mwezi wa Disemba. Tulikuta rihani, nanaa, sukuma wiki na spinachi vimeufunika uso wa kokoto, na chini yake samaki 19 wakizunguka. Mmoja aliruka nje usiku, na tangu hapo tangi limewekwa wavu. Mjukuu wetu alitueleza habari ya amonia na nitriti bila kukosea, kama anayesoma mbele ya mwalimu wake. Jioni mama yake alichuma nanaa akatutilia katika chai.

Hapo ndipo tulipomwomba radhi. Tulimwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa na elimu, na sisi tulikuwa na umri tu, tukautumia umri kuinyamazisha elimu. Fedha za mchezo wake zilipotea, na viumbe 37 wakafa kwa neno letu moja. Alicheka akasema, “Baba, yamekwisha.” Lakini hatukutaka yaishe hivyo hivyo, ndiyo maana tumeyaandika.

Enyi wazazi wenzetu, heshima ya watoto wetu ni neema, nasi tumwogope Mwenyezi Mungu katika kuitumia. Mtoto aliyelelewa vyema hatatupinga hata tukikosea. Atainamisha kichwa na kusema haya. Basi tukimwona amesitasita, tumuulize analolijua kabla ya kumwamrisha. Na ninyi vijana, mkiwa na elimu juu ya jambo, mtuelezeni kwa adabu mara ya pili na ya tatu, wala msituache tukaangamia na mali yenu kwa sababu ya staha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu walio bara na riziki zao, atupe subira ya kungoja kila jambo lipate wakati wake, na atusamehe kwa viumbe tuliowafunga tukaghafilika nao.

Wabillahi tawfiq.